Mbwa Hasikii: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Fimbo

Katika nyumba nyingi za mjini, mbwa huletwa akiwa mdogo, hushangiliwa na watoto kwa wiki mbili, kisha shughuli za nyumba humpita. Wazazi hutoka alfajiri kuwahi foleni, watoto hupanda basi la shule, na mbwa hubaki na dada wa kazi ambaye tayari ana ndoo ya nguo mbele yake na sufuria jikoni. Baada ya miezi sita malalamiko huanza: anarukia wageni, anabweka bila kikomo, anaitwa haji. Hapo ndipo wengi huamua kwamba wamepata mbwa mkaidi, na mtu mmoja huenda kutafuta fimbo.

Mwongozo huu unaanzia kwingine. Mbwa hurudia kitendo kilichompa faida na huacha pole pole kitendo kisichompa kitu, kwa hiyo katika kila tatizo lililoelezwa hapa swali la kwanza ni lile lile: mara tu baada ya kufanya kosa hilo, mbwa alipata nini, na alikipata kwa nani? Nyumba yenye watu wengi wenye haraka huwa na walipaji wengi, na mara nyingi yule anayelalamika zaidi ndiye anayelipa bila kujua.

Mwenye shaka kama mnyama anaweza kufundishwa kazi nzito bila kipigo na aangalie Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Panya anapopatia, husikia mlio mfupi wa kidude kinachobofywa mkononi, na papo hapo hupewa chakula. Anapokosea, hapati kitu, basi. Mmoja wao, Magawa, aliyefundishwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020. Ikiwa panya ameweza kujifunza hivyo, mbwa, ambaye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka na huzisoma nyuso zetu tangu akiwa mdogo, hana sababu ya kufundishwa kwa maumivu.

Maandalizi ni machache. Tafuta chakula ambacho mbwa hakipati hivi hivi: maini, moyo au mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa bila chumvi na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, au dagaa waliooshwa mchanga. Ugali peke yake ni malipo hafifu, kwa sababu anajua utakuja jioni hata asipofanya lolote. Usitumie chokoleti, zabibu, vitunguu maji wala vitunguu saumu, kwani humdhuru, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Weka kopo moja karibu na mlango wa jikoni na jingine karibu na geti, na upunguze kidogo mlo wake wa jioni ili asinenepe. Muda unaohitajika ni dakika tatu asubuhi, tatu jioni, na nyingine chache ambazo tayari unazitumia kupita pale alipo.

Tabia imebadilika ghafla

Hili hutangulia mengine yote, kwa kuwa si suala la mafunzo. Mbwa aliyekuwa mpole akaanza kununa, aliyekuwa msafi akaanza kukojoa ndani, au aliyependa kuguswa akaanza kukwepa mkono, huenda anaumwa. Homa zinazoletwa na kupe ni za kawaida katika mazingira yetu. Masikio yenye uchafu, jino bovu, mwiba katika unyayo na ugonjwa wa njia ya mkojo nayo hubadilisha tabia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumfundisha chochote, kwa sababu hakuna zawadi itakayomfanya mnyama afurahie kuguswa mahali panapouma.

Kuna hali moja isiyosubiri. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayetangatanga, ambaye sauti yake imebadilika, au anayeuma vitu na watu bila kuchokozwa, achukuliwe kuwa na kichaa cha mbwa hadi ithibitike vinginevyo. Usimshike, zuia watu wasimkaribie na upeleke taarifa ofisi ya mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo, kwa kuwa dalili zikishamwanza mtu ugonjwa huo huua karibu kila mara. Mbwa asiyechanjwa apelekwe kuchanjwa wiki hii, na mafunzo yafuate baadaye.

Anaitwa, haji, anaambiwa "kaa", anatazama pembeni

Hili ndilo lalamiko ninaloulizwa zaidi, na lina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa nje.

Chanzo cha kwanza ni maneno. Baba anasema "kaa", mama anasema "kaa chini", watoto waliozoea lugha ya shule wanasema "sit", na dada wa kazi anapiga mluzi. Mbwa hana kamusi. Kwake hizo ni sauti nne tofauti, na tatu kati yake hazijawahi kufundishwa. Keti na watu wa nyumbani jioni moja, chagueni neno moja kwa kila jambo, mkaandike kwenye karatasi iliyobandikwa jokofuni: njoo, kaa, subiri, acha, mahali pako. Maneno matano yanatosha nyumba nzima kwa kuanzia. Neno "kaa" lina hatari yake, maana tunalitumia pia kwa wageni na watoto siku nzima mbele ya mbwa huyo huyo. Baadhi ya nyumba huchagua "chini" kwa sababu hiyo, na naona ni uamuzi mzuri.

Chanzo cha pili ni kurudiarudia. Anayeambiwa "kaa, kaa, kaa, nimesema kaa!" hujifunza kwamba neno la kwanza halina maana. Sema mara moja, ngoja kwa utulivu uhesabu hadi tano, na asipofanya msaidie: peleka kipande cha ini karibu na pua yake, kiinue taratibu kuelekea nyuma ya kichwa chake, naye makalio yatashuka yenyewe. Yanapogusa chini, sema "ndiyo!" na umpe. Neno hilo fupi linafanya kazi ya ule mlio wa panya wa Morogoro: linamwonyesha ni tendo lipi hasa lililolipwa. Malipo yanayochelewa sekunde tano yanaweza kulipa kitu kingine kabisa, kwa sababu kufikia hapo mbwa ameshasimama, amejikuna na kutazama kuku.

Chanzo cha tatu ndicho kinachoniuma zaidi, kwa kuwa sisi wenyewe ndio tunaokitengeneza. Mbwa wengi wa ulinzi hufunguliwa usiku na kufungiwa bandani asubuhi. Kila alfajiri mtu husimama mlangoni akaita "njoo", na mbwa akija hufungiwa saa kumi na mbili zinazofuata. Siku nyingine huitwa ili aoshwe dawa ya kupe, au ili achapwe kwa ndala aliyoitafuna jana. Mnyama yeyote mwenye akili angejifunza kukaa mbali na sauti hiyo. Kinachoitwa ukaidi hapa ni kumbukumbu nzuri.

Dawa yake ni kulitakasa neno. Kwa wiki mbili, "njoo" lisitumike kwa jambo lolote asilolipenda. Kila mtu wa nyumbani amwite mara kadhaa kwa siku akiwa hatua tatu tu kutoka alipo, ampe kipande kizuri, kisha amwachie aende zake. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Kumfungia bandani kuwe na neno jingine, "bandani", na kifungua kinywa chake kiwe kimeshatawanywa humo kabla hajaitwa. Na aliyekuja baada ya kuchelewa sana, hata kama umekasirika, asiadhibiwe kamwe, kwa sababu utakuwa umeadhibu kuja, si kuchelewa.

Ikiwa anatii ndani ya uzio lakini nje ya geti anakuwa kama kiziwi, chanzo ni mahali. Utii aliojifunza jikoni haumfuati barabarani penye bodaboda, mbuzi na mabaki ya chipsi. Anza upya kwa hatua ndogo: mlango wa jikoni, kisha uani, kisha getini lililofungwa, kisha lililo wazi huku amefungwa kamba ndefu, na kadiri vishawishi vinavyozidi, malipo nayo yapande kutoka dagaa hadi ini.

Anarukia watu

Angalia kinachotokea anaporuka. Mtu hupiga kelele, humtazama usoni, humsukuma kwa mikono miwili. Kwa mbwa aliyekaa peke yake tangu saa moja asubuhi, kelele, macho na mikono ni karamu. Tena Jumapili baba akiwa na kaptura hucheka na kumkumbatia, Jumatatu akiwa na suti humfokea. Mbwa hawezi kutofautisha nguo za kazini na za nyumbani, kwa hiyo hujaribu bahati yake kila siku.

Lililo gumu hapa ni kuwakubalisha watu, mbwa atafuata. Kila anayeingia akirukiwa ageuke, akunje mikono, asiseme neno. Miguu minne ikiwa chini, amsalimie kwa sauti ya chini na kumpa kipande kutoka kopo la getini, akikishusha hadi usawa wa mdomo wake ili asihitaji kuruka. Mtoto mdogo asiachiwe zoezi hili peke yake. Mtu mzima ashike kamba.

Katika miji ya pwani jambo hili si la adabu tu. Kwa Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na nguo iliyoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani aliyetawadha na anayeelekea msikitini akirukiwa na mbwa wako, umemvurugia ibada, na ujirani unaharibika kwa haki. Nyumba ya namna hiyo isingoje mbwa ajifunze: geti likigongwa, mbwa awe nyuma ya mlango au kwenye kamba kwanza, ndipo geti lifunguliwe, na wakati huo huo afundishwe kwenda mahali pake.

"Mahali pako" ni zoezi lenye faida kuliko yote kwa nyumba yenye shughuli. Tandika gunia safi au kipande cha mkeka mbali na geti lakini mahali anapoliona. Akilikanyaga, hata kwa bahati, sema "ndiyo" na udondoshe chakula juu yake. Akishaanza kulikimbilia mwenyewe, ongeza neno; kisha umlipe kwa kulala, halafu kwa kubaki sekunde tano, kumi, nusu dakika. Mwisho, mtu wa nyumbani agonge geti huku mwingine akilipa gunia. Mbwa aliyelala juu ya gunia hawezi kuwa juu ya kifua cha mgeni, na hukulazimika kumkataza lolote.

Anabweka na kukimbia kando ya ukuta siku nzima

Hapa mlipaji hayumo nyumbani. Mpita njia anakuja, mbwa anabweka, mpita njia anaondoka. Mtu huyo alikuwa anaondoka kwa vyovyote, lakini mbwa anaamini amemfukuza, na ushindi huo huupata mara mia kwa siku. Anayemfokea kupitia dirishani anaongeza moto, kwani kwa mbwa inasikika kama mwenzake amejiunga.

Wengi wamefuga ili mbwa abweke, na sitaki kulipuuza hilo. Mlinzi anayefaa hutoa taarifa kisha hunyamaza akisubiri. Ziba kwanza mianya ya geti kwa bati au turubai, kwa kuwa asichokiona hakimpi ushindi. Kisha anapobweka mara mbili tatu, tembea hadi mlango wa nyumba, sema "asante" kwa sauti ya kawaida, na utawanye chakula chini hapo mlangoni. Mwanzoni itabidi umfuate na kumwonyesha. Baada ya siku kadhaa neno lenyewe litamtoa getini. Utakuwa na mbwa anayetoa taarifa kisha anakuja kwako, na usiku wa hatari hilo lina thamani kuliko mbwa aliyepoteza sauti kwa kubwekea kila baiskeli.

Ikiwa anabweka hata pasipo mtu, mara nyingi amechoshwa na upweke. Mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa hana kazi nyingine ila hiyo. Mtawanyie sehemu ya chakula kwenye nyasi akitafute kwa pua, na atoke dakika 20 kabla jua halijawa kali; mjini kama Dar es Salaam, matembezi ya saa saba mchana yanaweza kumzidishia joto hadi kumuua.

Anajisaidia ndani, anatafuna viatu

Mtoto wa mbwa huweza kujizuia kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo wa miezi miwili aliyefungiwa ndani tangu asubuhi hadi saa nane hajakosa adabu. Mtoe akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, simama naye pale pale kila mara, na mlipe hapo hapo uani anapomaliza; akilipwa baada ya kurudi ndani, atadhani amelipwa kwa kurudi. Pasipo mtu wa kumtoa, mwache eneo lenye mlango wa kwenda nje. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha jambo moja tu, kujisaidia nyuma ya kochi usipomwona. Osha kwa sabuni ya unga na kusuuza kwa maji mengi. Dawa za klorini si chaguo zuri hapa, kwa kuwa zikikutana na amonia iliyomo katika mkojo hutoa hewa inayodhuru mapafu.

Kuhusu kutafuna, meno ya utoto humtoka kati ya miezi minne na saba hivi, na ufizi humwasha. Viatu viwekwe juu, naye apewe kitambaa kinene kilicholoweshwa na kugandishwa, mtu akiwa karibu. Akishika ndala usimkimbize, maana kufukuzana ni mchezo. Badilishana naye kwa ini.

Anavuta kamba

Anavuta kwa sababu kuvuta humfikisha. Kamba ikikaza, simama, ikilegea, endelea. Safari ya kwanza itakwisha mita 50 kutoka getini na utaona umepoteza muda, lakini uzipoteze siku hizo chache. Mkanda unaofungia kifuani ni bora kuliko wa shingoni kwa mbwa mwenye nguvu.

Ananguruma

Usimpige mbwa anayenguruma. Mngurumo ni onyo, nao ni heshima aliyokufanyia kabla ya kutumia meno; anayechapwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Ondoka, tulia, kisha tafuta alichokuwa akikilinda au kukiogopa: bakuli, mfupa, mtoto anayetambaa kumwelekea akiwa kwenye kona, mkono uliogusa mahali panapouma.

Utasikia ushauri kwamba lazima umlaze chali umwonyeshe nani mkubwa, kwa kuwa mbwa mwitu huishi hivyo. Dhana hiyo ilitokana na uchunguzi wa mbwa mwitu wa Ulaya waliokusanywa pamoja kifungoni, ulioandikwa na Rudolf Schenkel mwaka 1947. David Mech, mtafiti wa Marekani aliyesaidia kuieneza, ndiye baadaye aliyeeleza kwamba porini kundi la kawaida ni familia tu, wazazi na watoto wao. Nao madaktari wa mifugo wa Marekani waliobobea katika tabia za wanyama walitamka mwaka 2021 kwamba njia za zawadi zitumike kwa mafunzo yote, yakiwemo ya mbwa wenye matatizo ya ukali.

Kwa anayelinda bakuli, pita kwa umbali ambao hanuni, rusha kipande cha ini karibu na bakuli, endelea na safari. Rudia kwa siku nyingi, ukisogea hatua moja tu pale anapokutazama kwa furaha. Watoto wasihusishwe kabisa na zoezi hili, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mpole. Ikiwa amekwisha kuuma, mwongozo wa kusoma hautoshi: atafutiwe daktari na mkufunzi asiyetumia kipigo, na kwa wakati huo avae kikapu cha mdomoni kinachomruhusu kuhema na kunywa maji.

Alikuwa amekwisha acha, sasa amerudia

Kuna vyanzo viwili, na kila kimoja kina wakati wake. Siku chache baada ya malipo ya zamani kukatwa, kosa huongezeka kwanza: anayezoea kupewa mabaki mezani atalia zaidi, ataparua zaidi, kwa sababu njia iliyokuwa ikifanya kazi haifanyi tena. Mtu wa kwanza akichoka akampa kipande cha chapati, amemfundisha kwamba kulia kidogo hakutoshi, inabidi kulia sana. Watu wa nyumbani waambiwe mapema kwamba siku hizo zitakuja, wasishtuke.

Chanzo cha pili ni kuacha kulipa ghafla, kwa hofu kwamba mbwa "anatii kwa chakula tu". Tendo likishakuwa imara mahali pengi, punguza kidogo kidogo: lipa mara moja katika tatu, halafu bila mpangilio, na uchanganye na malipo mengine, kama kufunguliwa geti, kutupiwa mpira, au kukunwa kifuani ikiwa anapenda. Malipo ya kuja anapoitwa nisingependa yapunguzwe hata kidogo. Siku atakapokuwa upande wa pili wa barabara na lori linakuja, ni malipo yote ya nyuma yatakayomrudisha.

Na ikiwa kosa limerudi wiki ile ile alipokuja dada mpya wa kazi, au mlinzi mpya wa usiku, usimchunguze mbwa. Mpe mgeni huyo kopo la dagaa siku ya kwanza, msomeeni pamoja karatasi ya jokofuni, kisha yeye ndiye amlishe mbwa chakula chote cha wiki hiyo, punje kwa punje, neno kwa neno.